Asilimia Mia kwa Fisi

Hapo zamani za kale, wakati wanyama wana ofisi na binadamu hawana hata kigoda cha kukalia, palikuwa na nchi iitwayo Majabalini. Wenyeji wake wengi walikuwa wadogo wadogo: pimbi, kanga, digidigi, swala. Mwaka huo ukame ulikausha mito yote, kikabaki kisima kimoja tu. Kisima kilikuwa na mlango, mlango ulikuwa na kufuli, na kufuli lilikuwa na ufunguo mmoja.

Ufunguo huo aliushika Mzee Kobe. Alikuwa mwaminifu sana, ila kutoka nyumbani hadi kazini alichukua siku tatu. Wakamstaafisha kwa heshima zote. Ikabidi achaguliwe mwingine.

Wakajitokeza wagombea wawili. Wa kwanza alikuwa Mama Kongoni, aliyesema kila mtu atakunywa kwa foleni. Wa pili alikuwa Fisi. Yeye alisema, "Nipeni ufunguo tu. Nani anywe na nani asinywe, hayo niachieni mimi."

Sasa mtazameni Pimbi. Ni mdogo, anaishi kwenye nyufa za mawe, hana hata mkia wa kujivunia. Mama huyu alikuwa na watoto wanne ambao ndimi zao zilikuwa zimekauka kama maganda ya karanga. Aliposikia maneno ya Fisi, aliwavuta wote wanne karibu naye.

Msimamizi wa uchaguzi alikuwa Tembo, Mwenyekiti wa Tume. Tembo alipenda kanuni kuliko majani mabichi. Kila karatasi aliigonga muhuri kwa mguu wake wa mbele, puu! Baada ya hapo karatasi haikusomeka tena, lakini ilikuwa halali.

Tembo akatangaza: "Kupiga kura kunachosha. Kwa hiyo kwanza tutafanya utafiti wa maoni. Mgombea atakayepata zaidi ya tisini kwa mia, atapita bila kupigiwa kura. Kanuni ya saba, kifungu kidogo cha pili." Puu!

Kazi ya utafiti akapewa Kingugwa.

Kingugwa alikuwa fisi, tena mtoto wa mama mdogo wa yule Fisi mgombea. Walikua nyumba moja, wakigombania mfupa mmoja. Lakini msimhukumu haraka. Kingugwa alikuwa msomi mwenye miwani, na aliapa mbele ya Tume kwamba hataongeza neno wala kupunguza. Na kweli, hakuongeza wala hakupunguza.

Siku ya pili akafika kwa Pimbi.

"Hodi!"

"Karibu... yalaa!" Pimbi alikuwa ameshakaribisha kabla hajaona ni nani.

Mlangoni alisimama Kingugwa, ubao wa kuandikia mkononi, akitabasamu kwa adabu. Meno yote yalionekana, mpaka yale ya kuvunjia mifupa.

"Usiogope, mama. Ni utafiti tu. Utakalosema halitatoka nje. Je, utamchagua nani ashike ufunguo wa kisima?"

Pimbi aliyatazama yale meno. Akawatazama watoto wake wanne waliojibanza nyuma ya jiwe.

"Fisi," akasema.

"Una uhakika?"

"Fisi! Fisi kabisa! Tangu niko tumboni mwa mama yangu mimi ni mtu wa Fisi!"

Kingugwa akaandika: *Anamuunga mkono kwa dhati.* Akashukuru, akaenda nyumba ya jirani.

Baada ya wiki moja matokeo yakasomwa hadharani. Waliohojiwa walikuwa mia mbili na kumi na tatu. Fisi, mia mbili na kumi na tatu. Mama Kongoni, sifuri.

"Ngoja kwanza!" Kanga akapaza sauti. "Mama Kongoni, kwani wewe hukuhojiwa?"

Mama Kongoni akatazama kwato zake. "Nilihojiwa."

"Ukamtaja nani?"

"Ungekuwa wewe, ungemtaja nani? Alikuwa amesimama karibu hivi!"

Tembo akakohoa. "Matokeo ni matokeo. Asilimia mia. Keshokutwa Fisi ataapishwa." Puu!

Fisi akacheka mpaka akaanguka chali. "Khe khe kheee! Mnanipenda jamani! Sikujua mnanipenda hivi!"

Na cha ajabu, aliamini.

Jioni majirani walikusanyika kwenye mawe ya Pimbi, kila mmoja amenuna.

"Ni nani kati yenu aliyemtaja Fisi?" akauliza Kanga kwa ukali.

"Si mimi," akasema Swala.

"Wala mimi," akasema Digidigi.

"Basi hayo majibu yote yameshuka na mvua? Na mvua yenyewe haijanyesha!"

Kisha Kanga mwenyewe akainamisha kichwa. "Haya, mimi nilimtaja. Ningefanyaje, shoga yangu? Aliniuliza huku macho yake yakiwa kwa vifaranga wangu."

Wote wakakiri, mmoja mmoja. Swala akasema walipeleke jambo hilo kwa Tembo, waseme Kingugwa amedanganya.

"Hajadanganya," akasema Pimbi. "Ameandika tulichosema. Angekuja Kobe kutuuliza, tungesema lingine. Mwenyekiti hawezi kuelewa hilo kwa maneno, mpaka alione." Kisha macho yakaanza kumng'aa. "Jamani, hata Mama Kongoni amejikana mwenyewe! Basi yuko mwingine anayeweza kujikana. Nisubirini."

Asubuhi na mapema alikuwa ofisini kwa Tembo.

"Bwana Mwenyekiti, hongera kwa utafiti mzuri."

Tembo hakuzoea kupongezwa. Akatuna. "Ahsante, mama. Umeona majedwali?"

"Nimeyaona. Yamenyooka kama mstari wa siafu. Ila kuna kipengele kidogo tu, na sitaki watu wa nje waje kukucheka. Wakazi wa kupiga kura, tukikuacha wewe msimamizi, tuko mia mbili na kumi na nne. Waliohojiwa ni mia mbili na kumi na tatu, Kingugwa mwenyewe akiwamo. Amesahaulika mmoja."

"Mmoja!" Tembo akainuka, kiti kikavunjika, kwaa! "Nani?"

"Fisi mwenyewe."

"Lakini jibu lake linajulikana!"

"Linajulikana, mheshimiwa, lakini halijajazwa kwenye fomu."

Hilo likampenya Tembo mpaka kwenye mfupa. Akafungua majalada, akayafunga, akafungua mengine. "Kingugwa haruhusiwi kumhoji ndugu yake. Kanuni ya tisa."

"Haruhusiwi kabisa. Atafutwe mtafiti huru. Asiwe mkazi, asiwe mgombea, asiwe na ndugu hapa kwetu. Ukipenda, mimi nitakuletea. Na iwe hadharani, siku ile ile ya kuapishwa, ili kila mtu ashuhudie fomu ikikamilika."

"Ikikamilika," Tembo akarudia, na sauti yake ikalainika. Puu!

Pimbi akavuka mto mkavu, akapanda juu ya mwamba mrefu. Chini yake, kivulini, alilala Simba.

"Shikamoo, Mzee Simba!"

"Marahaba. Shuka nikusikie vizuri."

"Nasikika vizuri hapa hapa, mzee. Tume yetu inakuomba uwe mtafiti huru."

"Huru maana yake nini?"

"Maana yake huishi kwetu, hugombei, na huna ndugu kwetu."

"Ndugu sina," akanguruma Simba. "Ila yule Fisi wenu namjua. Aliniibia paja la pofu niliyemwinda mwaka jana."

"Hilo halimo kwenye fomu, mzee."

"Nitamng'ata?"

"Hapana, mzee! Tembo atakuwepo. Utamwuliza swali moja tu, kama lilivyoandikwa, kwa upole. Na utatabasamu. Mtafiti mzuri hutabasamu."

Simba akajaribu. Pimbi akarudi nyuma hatua nne.

"Hivyo hivyo, mzee. Usibadilishe chochote."

Fisi naye alipoambiwa, hakuuliza hata jina. "Mtafiti kutoka nje?" akasema, akijipaka mafuta masikioni. "Yaani habari zangu zimefika mpaka ng'ambo?"

"Zimefika, bwana," akasema Pimbi. "Tena huyo mtafiti anakukumbuka vizuri sana."

"Khe khe! Mwambie aje na fomu kubwa!"

Siku ya kuapishwa ikafika. Fisi alikaa mbele, amevaa joho jekundu. Kingugwa alisimama kando na majedwali yake. Ufunguo uliwekwa juu ya mto wa manyoya. Wenyeji walijaa juu ya majabali, kwa kuwa Pimbi alikuwa amewanong'oneza kwamba leo juu ni salama kuliko chini.

Tembo akasoma: "Kabla ya kiapo, tutakamilisha fomu namba mia mbili na kumi na nne. Mtafiti huru, karibu."

Nyasi zikatengana: shwaa! Simba akatoka, ubao wa kuandikia kwapani. Akatembea polepole hadi mbele ya Fisi, akasimama karibu, karibu kabisa. Akatabasamu.

Joho la Fisi likaanza kutetemeka, ingawa upepo haukuwepo.

"Bwana Fisi," akasema Simba kwa upole aliofundishwa, "utamchagua nani ashike ufunguo wa kisima?"

"Mi... mi... mimi?"

"Wewe. Nani?"

"WEWE, Mzee Simba! Wewe! Nani mwingine? Mimi na ukoo wangu wote, tangu babu!"

Juu ya majabali kifaranga wa Kanga akapiga chafya: chi!

Tembo alikuwa anaandika. Akasimamisha kalamu. "Bwana Fisi, Simba si mgombea."

"Basi yeyote anayempenda yeye! Kongoni! Kobe! Mwandike Kobe!"

Hapo Majabalini yote ikalipuka. Kanga alicheka mpaka akashuka mwambani bila kutaka, Swala akarukaruka, Digidigi akalia machozi. Simba mwenyewe hakuelewa, akamgeukia Pimbi. "Nimekosea swali?"

"Hukukosea hata herufi, mzee. Una kipaji."

Pimbi akasimama juu ya jiwe lake. "Bwana Mwenyekiti! Swali ni lile lile la Kingugwa. Adabu ni ile ile. Tabasamu ni lile lile, limezidi ukubwa tu. Na Fisi amemkana Fisi! Kama utafiti ndio uchaguzi, basi mkabidhi Simba ufunguo leo."

"La hasha!" Tembo akasema, na kwa mara ya kwanza akaonekana ameamka. Akamtazama Kingugwa. "Mtafiti, una la kusema?"

Kingugwa akavua miwani. Akaitazama karatasi yake muda mrefu, kisha akawatazama wale wadogo juu ya majabali, na ni kama ndiyo kwanza anaona jinsi walivyosogea nyuma.

"Niliandika kila jibu kwa uaminifu," akasema. "Sikujua kwamba lilikuwa jibu la meno yangu." Akaichana karatasi katikati, chwaa!

Tembo akaugonga muhuri uamuzi mpya: utafiti umefutwa, kura zitapigwa leo hii. Wakaweka vyungu viwili ndani ya pango jembamba. Kila mkazi aliingia peke yake na kokoto moja. Mwenyekiti alitaka kuingia kusimamia, lakini kichwa tu ndicho kilichoingia, wakamvuta kwa mkia mpaka akatoka. Kwa hiyo siku hiyo hakuna aliyemwona mwenzake akichagua.

Kokoto zikamwagwa, zikahesabiwa mara mbili. Mama Kongoni, mia mbili na kumi na tatu. Fisi, moja.

Fisi akamgeukia mkewe. "Mama watoto! Hata wewe?"

"Usinikazie macho, baba watoto. Ulisema utapanga mwenyewe nani anywe. Mimi najua unavyopanga nyumbani."

Akamgeukia Kingugwa. "Na wewe, ndugu yangu wa damu?"

"Kura ni siri," akasema Kingugwa, akavaa miwani yake. "Na safari hii ni siri kweli."

Fisi akalivua joho, akatazama upande aliosimama Simba, akakumbuka paja la pofu. Alitoka mbio akiinua vumbi, tifu tifu tifu, na Simba nyuma yake akiuliza kama lipo swali la pili.

Mama Kongoni akatia ufunguo kwenye kufuli: kwacha! Foleni ikapangwa, wadogo wakiwa mbele kwa sababu ndio waliokuwa na kiu zaidi. Pimbi akawasogeza wanawe wanne kwenye maji. Gudu-gudu-gudu! Wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma, wakainua vichwa vikichuruzika, na majabali yote yakapiga vigelegele.

Nami nawaachia neno moja tu, wanangu: kabla hujaamini jibu, mtazame kwanza aliyeuliza.