Kiatu Hakioni Yai

"Kiatu hakioni yai." Shangazi Kazija alimwambia hivyo kaka yetu Kheri siku alipojenga ukuta ukaziba njia ya kisimani, akasema majirani wazunguke tu, si mbali. Tukamuuliza shangazi msemo huo kwao ni wapi. Akaweka chini ukili aliokuwa akisuka, akasema kwao ni Nyamani, na yeye alikuwepo ulipozaliwa.

Nyamani ni kisiwa kidogo. Ukikizunguka kwa miguu, chai uliyoiacha haijapoa. Maji yake ni maangavu. Hata yakikufika kifuani unaona kucha za miguu yako, na samaki wa rangi wanakuja kukuchungulia. Watu huenda kuogelea, kutazama matumbawe na kula wali wa nazi kivulini. Kisiwa chote ni hifadhi, na shangazi ndiye aliyekuwa mlinzi wake.

Upande wa pili wa kisiwa hutaga buabua, ndege weupe wenye kofia nyeusi. Hawajengi kiota. Hutaga juu ya mchanga mtupu, na mayai yao yana madoa, utadhani kokoto. Miaka sita hawakuonekana, kwa sababu wageni walikuwa wakiyaponda bila kujua. Mwaka ule walirudi, jozi arobaini tu. Basi shangazi akaweka sharti: viatu vyote vibaki ufukoni, na kila mtu atembee akiburura nyayo, asiinue mguu.

Ndipo akaja Mkwizu, fundi wa ujenzi kutoka bara, na wenzake, kupumzika. Mcheshi, mwogeleaji hodari, ila ana mabuti yake ya kazi na anataka kuwapiga picha ndege kwa karibu.

"Mama, mimi nakanyaga misumari kila siku. Miguu hii haijaona jua tangu nioe."

"Usivue, Mkwizu!" wenzake wakapiga kelele. "Ndege watakufa kwa harufu!"

Shangazi hakucheka. Alijua ndege wale wakivunjiwa tena, hawarudi.

"Baba, hapo mbele yako unaona mayai mangapi?"

Mkwizu akakaza macho. "Hakuna hata moja. Kokoto tu."

"Haya, vua. Nenda hatua tatu, ukiburura."

Akavua huku ananung'unika. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akaganda kama nguzo.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "kuna kitu kimenigusa kidole. Kina joto."

"Usisogee. Sasa tazama."

Lilikuwa yai. Jicho lilipokwisha kulijua hilo moja, likaona la pili, la tatu, kushoto, kulia, mpaka pembeni mwa kisigino chake. Juu ndege wamejaa wanalia, na mayai yote yako juani.

"Nitatokaje hapa, mama?"

"Kinyumenyume. Kanyaga pale pale ulipokanyaga."

Shangazi akamshika mkanda kwa nyuma, akamvuta polepole kama anayemfundisha mtoto kutembea. Halikuvunjika hata moja. Ndege wakashuka, na kila mmoja akaenda moja kwa moja kwenye yai lake, bila kukosea, katika mchanga ule unaofanana wote.

Mkwizu aliyatazama mabuti yake.

"Ningepita nayo," alisema. "Ningepiga picha zangu, nikarudi nyumbani nikiapa kwamba hapakuwa na kitu. Kumbe kiatu hakioni yai."

Wenzake waliondoka na maneno hayo, wakayapeleka kazini kwao, na huko yakapata miguu.

Shangazi alipomaliza, Kheri aliuliza, "Na ukuta wangu je, shangazi?"

"Mimi nimesimulia ndege, mwanangu," akajibu, akauchukua ukili wake.

Asubuhi tuliamshwa na nyundo. Kheri alikuwa amebomoa ukuta upana wa mlango, amesimama peku kwenye vifusi, akimshika mkono jirani yetu Bi Riziki, mwenye goti bovu, apite na ndoo yake.

"Leo umeamkaje, Kheri?" Bi Riziki akamuuliza.

"Kiatu hakioni yai, bibi. Pita."