Mchi wa Tajiri

Paliondokea tajiri mmoja Pangani, jina lake Mbaruku, akamshtaki Mwanakombo, mwimbaji wa harusini, kwa wimbo wa matusi: "Mchi wa tajiri mfupi, haufiki chini ya kinu!" Alitaka afungwe.

"Mheshimiwa, nimeimba habari za jikoni," alisema Mwanakombo. "Anayelijua tusi na alieleze."

"Kweli," alisema hakimu. "Mbaruku, bila maelezo hakuna ushahidi. Tusi ni lipi?"

Mbaruku alifumbua kinywa aeleze, akatupa macho mbele. Mbele yake alikuwa ameketi mama mkwe wake.

"Sema, baba," alihimiza bibi yule. "Mchi una nini?"

"Ni... ni wa kutwangia, mama."

Kesi ikafutwa kwa vicheko. Mlangoni Mwanakombo alimbusu bibi mkono. "Ahsante kwa kuitikia mwaliko wangu, mama. Bila wewe, leo ningelala ndani!"