Macho ya Bi Chiku

"Jenereta tangu jana! Hapa pamekuwa mashine ya kusaga?"

"Na spika za harusi ya mwanao, shoga, zilielekezwa dirishani kwa nani?"

Methali "Mpishi wa shughuli haonji peke yake", mliyoisikia leo jikoni mkacheka, ilianzia kwenye ugomvi huo wa Bi Chiku na jirani yake Bi Zaituni, wajukuu zangu, uani kwa Bi Zaituni, zama zile nyumba zetu hazijatenganishwa na kuta. Shughuli ikipikwa, kijiko cha kwanza cha mchuzi alipewa jirani aonje chumvi, maana moshi humharibu mpishi ulimi.

Siku hiyo palikuwa na hakathoni: vijana wa mtaa walijazana pale na kompyuta zao na jenereta tangu jana yake, wakishindana kutafuta dawa ya utoro shuleni. Tausi, binti wa Bi Zaituni, alibuni programu ya kumtumia mzazi ujumbe wa simu mwanawe asipofika darasani. Alasiri mwalimu mkuu angekuja kuchagua kazi moja itumiwe na shule. Tausi aliitaka sana nafasi hiyo.

Ugomvi ukiwa umekolea, simu ya Bi Chiku ikalia. Tausi akatabasamu, ujumbe wake wa majaribio umefika!

"Hemedi! Njoo unisomee."

Hemedi, mwanawe, akaitazama simu. "Wanasema… jana nimekuwa wa kwanza darasani, mama."

Bi Chiku akapiga kigelegele. Tausi akamsogelea.

"Mama, ujumbe unasema jana Hemedi hakwenda shule."

Hemedi alishatoka mbio. Bi Chiku akashika kiuno. "Macho yangu ya kusomea ndiyo hayo yaliyokimbia! Na wenzangu sokoni ni vivyo hivyo. Ulimuuliza nani, wewe?"

Tausi akamsogezea kigoda. "Nakuuliza sasa, mama. Ungependa kuambiwa vipi?"

"Kwa mdomo! Na kwa sauti ninayoijua."

Wakarekodi sauti yake mwenyewe, programu impigie mzazi simu badala ya kumwandikia. Alasiri mwalimu mkuu akaweka simu sikioni: "Shoga, mwanao leo darasani hayupo. Usimuulize yeye, njoo shule!" Akacheka mpaka miwani ikamdondoka, na kazi ya Tausi ndiyo aliyoichagua.

Bi Chiku alibaki kizingitini, haya za ugomvi wa asubuhi zikimzuia.

"Umesimama kama mgeni?" Bi Zaituni alimwita, kijiko mkononi. "Ingia tule, shoga. Na mchuzi sijajua chumvi yake. Mpishi wa shughuli haonji peke yake."