Nati ya Ubavuni

Asiyefungua pa kujazia asiguse pa kumwagia.

Ndivyo alivyosema mama yenu asubuhi hii, Yoeli alipotangaza mezani kwamba Jumatatu anaacha kazi, na nyie mkacheka mkidhani anazungumzia madumu ya maji. Si madumu. Sogezeni viti, na wewe Yoeli weka hiyo simu chini. Maneno haya yalitoka uvunguni mwa gari, pale Mwanga mjini, na watu waliokuwapo bado tunakula ugali. Ilikuwa hivi.

Palikuwa na fundi wa umeme aitwaye Mcharo. Mtu mwema, ila hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Akiona kitu kimechakaa alikibomoa kwanza, kufikiri kulifuata baadaye kama kulifuata. Alikuwa na gari la mbio, la milango miwili, la manjano, la chini hata ukipanda unajiona umekalia barabara. Watu waliliita Ndimu. Alilipenda, na wala hakuficha.

Sasa mwaka ule, masika yakinukia, Mcharo aliamka akasema jiko la mkewe Nakunda limechoka. Kabla ya adhuhuri bati zote zilikuwa chini na kuta zimelala. Matofali ya jiko jipya hakuwa nayo. Mwashi hakuwa naye. Hata mahali pa kuweka sufuria hakuwa amepafikiria. Nakunda akapika chini ya turubai masika yote, moshi machoni, makande yakiingia maji ya mvua, na kila akiuliza anaambiwa wiki ijayo.

Siku moja akamwuliza mbele ya wageni, "Baba Ombeni, jiko langu liko wapi?"

Mcharo aliona aibu, na aibu ya mwanamume mwenye haraka hutoka kama hasira. "Kama umechoka," akasema, "kwenu unakujua."

Nakunda akafuta mikono, akamfunga mtoto mgongoni, akapanda mlimani Usangi kwa wazazi wake.

Wiki ya kwanza Mcharo alijisemea atarudi mwenyewe. Wiki ya tatu akawa anaamka alfajiri na kuzunguka uani, anashika hiki, anaacha, anashika kile. Alimtaka mkewe arudi, na hakujua aanzie wapi. Mwishowe ujumbe ukashuka kutoka Usangi: Jumamosi, saa nane mchana, aje na mjomba wake aseme alichokosa. Asipofika saa hiyo, vyombo vya Nakunda vitafuatwa. Nyie bado watoto, lakini vyombo vya mke vikishafuatwa, hapo hakuna ndoa tena.

Mjomba wake alimshauri wapande basi la asubuhi. Mcharo akakataa. Alitaka aonekane akifika na Ndimu, ili Nakunda arudi nyumbani amekaa kama bibi harusi. Ijumaa jioni akalijaribu gari mlimani, akasikia difu, lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, likilia. Oili yake ilikuwa kuukuu. Zile kona za kupandia Usangi zingeliua.

Basi Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi akaamua kubadilisha oili mwenyewe, pale uani, ya difu na ya giaboksi pia. Kazi ya saa moja, alijiambia. Akaliinua gari kwa jeki, akaliegesha juu ya magogo, akaingia uvunguni na spana.

Difu lina nati mbili. Moja iko chini, ya kumwagia. Ya pili iko ubavuni, juu kidogo, ya kujazia. Giaboksi nayo ni vivyo hivyo. Mcharo alizikamata zile za chini, zote mbili, akazifungua. Oili ikashuka nyeusi, inanuka kama yai viza, ikajaa beseni, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu mkewe aondoke. Kumwaga kulimfurahisha siku zote, maana kumwaga ni kazi inayoonekana.

Akaziba chini. Nati ya juu ya giaboksi ikazunguka vizuri, akajaza kwa mpira mpaka oili mpya ikachuruzika. Akahamia kwenye difu.

Nati ya ubavuni ikagoma.

Akaongeza bomba kwenye spana ili apate nguvu. Ikagoma. Akaipaka mafuta ya taa, akasubiri kama dakika mbili hivi, na kwake dakika mbili zilikuwa nyingi. Akavuta kwa miguu yote miwili, spana ikateleza, na alipomulika akaona kona za ile nati zimelika, imekuwa duara. Hapakuwa na pa kushika tena. Saa ilikuwa tatu na nusu.

Akakimbia kwa Fundi Senkondo, fundi pekee aliyemwamini. Gereji ilikuwa imefungwa. Senkondo alikuwa Msabato, na ile ilikuwa Jumamosi. Mcharo akaenda kusimama nje ya kanisa, oili mpaka viwikoni. Wakaimba. Wakasoma. Wakaimba tena. Alikuwa anahesabu beti, akifikiri kila mwimbo ni wa mwisho, na jua likizidi kupanda. Watu walipotoka ilikuwa saa saba.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mbona mikono hivyo siku ya leo?"

"Nati ya kujazia, ya difu. Imegoma na imelika."

"Na ya kumwagia?"

"Nilishafungua. Limebaki tupu."

Senkondo akahamisha Biblia yake kwapani. "Ulianza na ya chini?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, sisi huanza na ya juu. Ikigoma, unaliacha gari na oili yake chafu, na litatembea mpaka gereji. Sasa hata ile chafu huwezi kuirudisha, maana pa kupitia ni pale pale."

Mcharo akamzibia njia. "Lakini fundi, si imeandikwa ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato hutolewa?"

"Hutolewa," Senkondo akasema. "Huyu wako hakutumbukia, umemsukuma. Nitakuja kesho."

Basi la asubuhi lilikuwa limekwenda zamani. Ikabidi Mcharo na mjomba wake wapande pikipiki moja, dereva mbele, Mcharo nyuma, na mjomba mtu mzima katikati, amebanwa kama kiberiti mfukoni, suti yake ya kikao ikila vumbi kona baada ya kona. Mjomba alisema maneno njiani ambayo sitayarudia hapa. Mcharo aliangalia saa, akaangalia mlima, akaangalia saa.

Walifika saa tisa na nusu. Baba mkwe, Mzee Mfinanga, alikuwa amekwisha simama, kofia kichwani. Pembeni ya mlango palikuwa na vijana wawili na kamba za kufungia mizigo. Mcharo akaziona zile kamba, akapiga magoti pale pale uani.

"Umechelewa," Mzee Mfinanga akasema. "Na mkono hunipi?"

"Mikono yangu haifai, baba." Akaionyesha. Alikuwa ameisugua kwa sabuni ya unga na mchanga, lakini ilibaki myeusi.

Wakamtaka aeleze. Akaeleza yote, nati ya chini, nati ya juu, kanisa, ng'ombe wa shimoni. Mama mkwe akaziba mdomo kwa khanga. Mzee mmoja akacheka waziwazi. Nakunda peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na mtoto, akiitazama ile mikono.

"Kwa hiyo hata jiko," akasema polepole, "ulianzia chini."

Akatoka mlangoni, akamsogelea.

"Ulimwaga jiko huna pa kujazia. Ukanimwaga na mimi. Leo umekuja kunichukua. Nikapike wapi?"

Mcharo akainama, akaitazama mikono yake.

"Baba," Nakunda akamgeukia mzee, "vyombo vyangu visifuatwe. Lakini leo siendi."

Mzee Mfinanga akavua kofia, akaketi. "Umesikia, mkwe. Asiyefungua pa kujazia asiguse pa kumwagia. Nenda ukafungue."

Jumapili Senkondo alifika na nyundo na patasi. Akamkuta Mcharo anachimba msingi. Akaambiwa gari lisubiri.

Lilisubiri wiki saba juu ya magogo, kuku wakitaga chini yake, watu wakipita na kuuliza, na Mcharo akiwashwa mikono kila akiliona. Alipanga tofali. Alingoja ukuta ukauke, kazi iliyomtesa kuliko zote. Akaezeka, akatengeneza dohani, akawasha moto kuona kama moshi unatoka. Ulipotoka, ndipo akatuma ujumbe Usangi.

Nakunda alishuka na basi. Aliingia jikoni, akagusa ukuta, akatazama juu kwenye bati, akaomba kuni. Makande yalipokuwa motoni akatoka nje, akaliona Ndimu limejaa kinyesi cha kuku.

"Na hilo?"

"Bado liko tupu," Mcharo akasema, akanyoosha kidole kwenye jiko. "Safari hii nilianza na nati ya juu."

Nakunda alikwenda kumletea maji ya kunawa, akakaa karibu naye mpaka makande yakaiva.

Mnaniuliza nimeyajuaje. Yule mjomba aliyebanwa katikati ya pikipiki ni mimi, na kiuno hiki hakijasahau. Sasa Yoeli, sikukatazi. Hiyo kazi huenda ni mbovu kweli, kama oili ya lile difu. Niambie tu, ile nyingine umekwisha ipata? Mbona unaangalia chini?

Haya. Asiyefungua pa kujazia asiguse pa kumwagia.