Jina Moja kwenye Fomu ya Lusajo

Ziwekeni simu zenu kifudifudi, wakubwa kwa watoto, niwasimulie habari za watu wanne waliojuana kwa simu. Atakayechungulia ujumbe kabla sijamaliza, asitie neno kwenye hukumu. Maana hii ni kesi, tena mimi imenishinda, ndiyo sababu nimewaletea.

Wa kwanza katika wanne hao ni Mwanamkuu, fundi cherehani wa Pangani, mjane. Kipaji chake kilikuwa sikio. Mteja akisema gauni limemkaa vizuri, na moyoni halitaki, Mwanamkuu alijua kabla sentensi haijaisha. Alichukua mkasi akalifumua bila kuambiwa.

Wa pili ni Machano, mwenye duka la kutoa fotokopi kule Mkokotoni, Unguja. Kipaji chake kilikuwa kumbukumbu. Ukimwambia leo kwamba shangazi yako hali pweza, mwakani atakuuliza kama shangazi bado hali pweza.

Wa tatu ni Nyamizi, dereva wa lori, mzaliwa wa Sikonge. Kipaji chake kilikuwa kwenda. Wengine wakiletewa jambo husema "tutaona", lakini yeye huuliza funguo ziko wapi.

Wa nne ni Lusajo, na kisa hiki ni chake. Alikuwa mlinzi wa mnara wa simu juu ya mlima huko Makete, mahali ambapo baridi hung'ata masikio hata saa sita mchana. Kazi yake ilikuwa kulinda uzio, kuwasha jenereta umeme ukikatika, na kufagia. Gari la kampuni lilimletea chakula na dizeli kila baada ya wiki mbili, likashusha, likageuza. Mkewe alikwisha kwenda zake, mama yake alikwisha kufa, na watoto hakujaliwa. Maneno ya wilaya nzima, ya posa na ya misiba, yalipita juu ya kichwa chake mchana kutwa, na hapakuwa na hata moja lake. Alikuwa mpweke. Ilifika mahali akawa anaiaga sufuria anapotoka na kuiamkia anaporudi.

Hao wanne walikutana kwenye mchezo wa simu, ule wa kujenga mji pamoja. Kila mchezaji hupewa nyumba na bustani, na wote hushirikiana kujenga ukuta wa kuzuia maadui. Kundi lao waliliita Kibaraza. Kila siku saa kumi alasiri waliingia, wakacheza huku wakiandikiana. Na tuseme ukweli, mji wao ulikuwa wa hovyo. Ukuta ulikuwa na mapengo na ng'ombe walilala sokoni, kwa sababu watu hawakuja kupigana, walikuja kupiga soga.

"Timu yangu jana umeiona?" Machano angeandika.

"Nimeiona," angejibu Nyamizi. "Mabeki wenu hata lori langu lingewapita, tena na mzigo."

Majina ya kweli hawakuulizana, ndiyo adabu ya humo. Lusajo alijiita Ukungu. Na kila akiingia, kabla hajagusa hata jembe, aliuliza: "Leo mmekula nini?" Alitaka majibu kamili. Mwanamkuu akisema samaki, atauliza wa kukaanga au wa nazi, na nani amekula naye. Kwa Lusajo, huo ndio uliokuwa mlo wa pamoja, hakuwa na mwingine.

Sasa mchezo huo una sheria moja kali. Asiyeingia siku tatu mfululizo, nyumba yake hubomolewa. Kwa hiyo Kibaraza walijiwekea mila ya kushikiana nyumba. Kila mmoja alimpa mwenzake mmoja neno lake la siri, ili akipata dharura, mwenzake aingie kwa jina lake na kumwagilia bustani. Neno la siri la Lusajo alikuwa nalo Nyamizi.

Jumatatu moja asubuhi, Lusajo alipanda kwenye jukwaa la jenereta na dumu la dizeli mkononi. Zege lilikuwa na umande, akateleza. Mguu ukavunjika chini ya goti. Simu ilimtoka mfukoni, ikapasuka, ikazima kabisa. Akajikokota hadi kibandani, akaifikia ndoo ya maji, akalala hapo hapo sakafuni. Gari la chakula lilikuwa bado siku kumi. Aliita mpaka sauti ikakauka, chini ya mnara ambao watu wa kata saba walikuwa wakiutumia kuitana.

Mwanga wa dirishani ulipoanza kulegea alijua ni saa kumi. Akajifariji. "Wameingia sasa. Wataona sipo. Wataulizana."

Kumbe wapi! Nyamizi aliona kweli kwamba Ukungu hayupo, lakini akadhani ni mtandao. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutenda, Jumanne hakungoja siku tatu zitimie. Aliingia kwa jina la Ukungu, akamwagilia bustani, akaziba na paa. Jumatano akaingia tena. Wenzake walipotazama, walimwona Ukungu yupo na jembe begani, mzima wa afya. Wema wa Nyamizi ukawa shuka, ukamfunika mgonjwa gubigubi watu wasimwone.

Mlimani, Lusajo alihesabu alasiri ya pili, kisha ya tatu. Hapakuja mtu.

"Basi," alisema na ndoo yake. "Hata wao."

Neno hilo lilimuuma kuliko mguu. Mguu alijua umevunjwa na zege, si na watu.

Aliyegutuka kwanza ni Mwanamkuu. Tangu Jumanne sikio lake lilikuwa limekataa. Ukungu alimwagilia, lakini hakuuliza watu wamekula nini. Mwanamkuu akanyamaza siku nzima. Mjane kuulizia habari za mwanamume asiyemjua hata jina? Aliona haya. Jumatano haya ikamshinda, akaandika:

"Ukungu, mimi leo nimekula muhogo wa nazi. Mbona huniulizi nimekula na nani?"

Ukungu aliinama akaendelea na bustani.

"Huyu siye," Mwanamkuu akaandika. "Nani yumo ndani ya nyumba ya mwenzetu?"

"Ni mimi, dada," akajibu Nyamizi. "Namshikia. Tangu Jumatatu hajaingia."

"Tangu Jumatatu! Nasi tunamwona kila siku!"

Ndipo Machano alipofungua ghala lake. "Ngojeni. Mwezi wa nne alisema anashuka kununua kiberiti kwenye duka la buluu la mama wa mapacha, pale basi la mwisho linapogeuzia. Akasema akitoka hapo anapanda katikati ya mashamba ya pareto mpaka kwake juu. Mwezi wa sita tulipokosa mtandao, alituambia tumpe pole fundi aliyekuwa juu akitengeneza, na kwamba yeye anamshikia ngazi. Jamani, huyu ni mlinzi wa mnara. Anaishi peke yake kule."

"Ulijua tangu lini?" aliuliza Mwanamkuu.

Machano akajibu: "Tangu mwezi wa sita. Nilikumbuka tu. Sikumuuliza anaishije."

Nyamizi hakuuliza zaidi. Alikuwa Makambako, lori limejaa vitunguu vya watu. Aliwapigia madereva wenzake, akiwauliza ni wapi basi hugeuzia kwenye duka la buluu na mashamba ya pareto, hadi mmoja akamtajia. Alhamisi alfajiri aliuacha mzigo kwenye yadi, tajiri mwenye lori akifoka simuni kwamba kazi hana tena, akashika njia. Adhuhuri alikuwa dukani. Mama wa mapacha alimwonyesha mlima, naye akaupanda kwa miguu muda wa saa mbili, na wanaume wawili waliokuwa wakichuma pareto wakamfuata.

Alisukuma mlango wa kibanda. "Wewe ndiye Ukungu?"

Lusajo alimtazama mwanamke huyo mwenye matope hadi magotini, akalia, mtu mzima na ndevu zake. "Nilidhani hamkuona."

"Hawakuona kwa sababu yangu," alisema Nyamizi. "Nilikaa kwenye nafasi yako. Nimekuja kukwambia mwenyewe, usije ukaambiwa na mtu."

"Ndaga," alisema Lusajo, ndiyo asante ya kwao. Wakamteremsha kwenye machela ya miti na magunia. Hospitalini daktari alisema ingepita siku moja zaidi, wangekuwa wanaulizia kwao ni wapi ili wamsafirishe kuzikwa.

Miezi mitatu baadaye Lusajo alikuwa anatembea kwa fimbo. Kabla ya kurudishwa mlimani alipita ofisi ya kampuni kujaza fomu upya. Karani, mama mmoja wa makamo, alimwonyesha kwa kidole mahali palipoandikwa: *Ndugu wa karibu wa kupigiwa simu likitokea jambo.*

"Hapa palikuwa na mama yako," alisema. "Ulipoumia tulipiga namba yake wiki nzima, haipokelewi."

"Alifariki miaka sita iliyopita. Sikuwa na wa kumweka badala yake."

"Pole, baba. Sasa mweke."

Lusajo alishika kalamu. "Naweza kuandika watatu?"

"Mstari ni mmoja. Kompyuta haipokei wawili. Na ukiacha wazi, sikurudishi kule juu."

Basi alitoka nje, akafungua Kibaraza kwenye simu yake mpya, akawaeleza. Alitumaini watamwambia aandike yeyote tu, wote ni mamoja. Hawakumwambia hivyo.

"Niandike mimi," alisema Mwanamkuu. "Wote walikuona upo, mimi peke yangu niliona hupo. Nisingenena, mwenzetu angeendelea kumwagilia bustani mpaka ukaoza. Na nikwambie jingine, Ukungu, nashona nguo za harusi za mji mzima, lakini hakuna fomu duniani yenye jina langu."

"Kusikia ni kusikia," alisema Machano. "Mie sibishi. Lakini mngesikia, mngelia, kisha mngekwenda wapi? Tanzania hii kubwa. Maneno yako madogo madogo, ya kiberiti na ya ngazi, nani aliyeyaweka? Niandike mie, kaka. Safari hii sitakumbuka tu, nitauliza."

Nyamizi aliandika wa mwisho.

"Mimi sistahili," alisema. "Wao wangekukuta siku mbili mapema kama si mimi. Lakini aliyepanda ni mimi, na kazi nimeipoteza kwa kupanda. Niandike. Katika hawa watatu, nani ataogopa kukosa simu yako kuliko mimi?"

Lusajo alikaa kwenye ngazi za ofisi na fomu magotini. Miaka sita alikuwa hana hata mmoja wa kumwandika, na hilo liliuma, lakini alikuwa amelizoea. Leo alikuwa nao watatu, na kumwandika mmoja ni kuwaambia wawili kwamba si ndugu wa karibu. Aliyajua maumivu hayo kwa jina. Hakutaka kumpa mtu.

Nami nimepima huku na huku. Pasingekuwa na sikio, asingetafutwa. Pasingekuwa na kumbukumbu, asingejulikana aliko. Pasingekuwa na miguu, asingefikiwa. Haya, mkitaka kuhesabu makosa nayo yapo: sikio lilinyamaza siku nzima kwa haya, kumbukumbu ililala miezi kwa uzembe, miguu ilikanyaga mahali pasipo pake kwa wema. Kila nikimpa mmoja, mwingine ananitazama.

Gari la mlimani limewashwa. Dereva anapiga honi, karani amesimama mlangoni akiulizia fomu, na Lusajo kalamu anayo. Msinijibu "wote", mmesikia mstari ni mmoja. Msiniambie apige kura, hawa ni watu si karata.

Je, ungekuwa wewe, ungeandika jina la nani? Na leo saa kumi, wale wawili wengine ungewaambia nini?