Bipu Moja ya Asubuhi

Asubuhi ya kwanza ambayo mzee Abuu hakubipu, mwanawe Mwamvua alilala hadi saa moja na akashukuru. Kwa miaka tisa simu yake ilikuwa ikimwamsha kabla ya jua: mlio mmoja tu, kisha kimya. Siku hiyo baridi ya Mei ilikuwa imeanza kuushika mji wa Songea, ile inayomfanya mtu alione blanketi kuwa ndugu wa damu. Akajigeuza upande wa pili na kuendelea kulala, bila kujua kwamba alichokikosa asubuhi ile hakingerudi tena.

Mlio ule ulikuwa na maana yake. Mzee Abuu aliishi kijijini, mbele kidogo ya Namtumbo, na tangu mkewe afariki alibaki peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu. Kazi yake ya ujana na uzee ilikuwa moja, kusuka mikeka. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yake kama ukungu unavyofunika bonde, hata akawa anamtambua mtu kwa sauti na mkeka kwa vidole. Kila alipoambiwa habari za upasuaji alijibu kwamba vidole vyake vinaona vya kutosha.

Na kweli vilikuwa vinaona. Alikuwa na simu ndogo ya vitufe, kiswaswadu cha siku nyingi, kilichofutika namba zote kwa kubonyezwa. Katikati ya vitufe vile, juu ya namba tano, palikuwa na kipele kidogo. Mzee alikipapasa kipele, akapanda ngazi moja juu, akaifikia namba mbili. Akiibonyeza na kuishikilia, simu ilimpigia Mwamvua. Ni Mwamvua mwenyewe aliyeitengeneza hivyo mwaka aliohamia Songea, wakakubaliana wawili hao lugha yao. Bipu moja baada ya sala ya alfajiri: nimeamka salama. Bipu mbili: nipigie, nina neno. Bipu tatu: njoo. Zile tatu zilikuja mara moja tu, siku mama yake alipozidiwa, na Mwamvua aliwahi kufika, akamshika mama mkono akiwa bado anaongea.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, hadi Violeth aliponunua simu mpya.

Mwamvua na Violeth walifanya kazi duka moja la kuchapa na kutoa nakala, karibu na stendi. Violeth alikuwa msichana mcheshi asiyejua kukaa na jambo moyoni. Simu yake mpya ilipiga picha hata gizani, na kila mteja aliyeingia alionyeshwa. Simu ya Mwamvua ilikuwa na miaka mitatu, ina ufa kwenye kona, lakini haikuwahi kumwangusha. Violeth hakuiacha salama.

"Shosti, hiyo simu yako imeshafikisha umri wa kupiga kura," alimwambia siku moja mbele ya wateja. "Ipumzishe. Hata pensheni inaidai."

Wateja wakacheka, naye Mwamvua akacheka pamoja nao, lakini maneno yale yalimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Tangu siku hiyo akawa anaificha simu chini ya meza anapoongea. Mwezi ulipokwisha, mguu kwa mguu hadi kwa Baltazar, muuza simu aliyekuwa na kibanda upande wa pili wa barabara, akatoka na simu iliyong'aa kama kioo cha kinyozi. Baltazar alimwambia ukweli kwamba ile ya zamani haina soko kubwa, heri ampe mtu wa nyumbani. Hapo ndipo Mwamvua alipopata wazo ambalo wakati ule lilimfurahisha kuliko simu yenyewe. Angempelekea baba. Baba naye angekuwa na simu ya kupangusa, wangeonana uso kwa uso kila jioni.

Jumamosi alipanda basi. Alimkuta mzee ameketi barazani juu ya mkeka wake, miguu ameinyoosha, ukindu umemzunguka pande zote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Nimekusikia tangu unashuka kwenye pikipiki. Umekonda au umevaa viatu vyepesi?"

Walicheka. Baada ya kula, Mwamvua alitoa zawadi. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akaipapasa mbele na nyuma, tena na tena, kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta.

"Imenyooka yote," alisema. "Vitufe viko wapi?"

"Haina vitufe, baba. Unapangusa tu kioo. Hivi."

Akamshika kidole na kukiburuta juu ya kioo. Mzee alijaribu mara nne. Mara ya tano simu ilifanya kitu, si kile kilichotakiwa, ila Mwamvua alimsifu. Mwalimu Tumpe, mwalimu mgeni kutoka Mbeya aliyekuwa amepanga chumba kimoja cha nyumba ile tangu mwaka huo uanze, aliahidi kwamba atakuwa anampokelea simu kila jioni akitoka shule. Likabaki jambo la laini. Laini ya mzee ilikuwa ya zamani, kubwa, haikuingia kwenye simu ya kupangusa mpaka ikatwe. Mwamvua akaikata kwa mkasi wa baba yake wa kukatia ukindu.

Mzee Abuu aliusikia mlio wa mkasi. Akasema kwa upole, "Basi ile ndogo niachie hapo juu ya kabati. Haili wala hainywi. Haijanikosea kitu."

"Nikikuachia hutajifunza hii, baba. Utairudia ile."

"Inawezekana," alikubali mzee.

Mwamvua alikitia kiswaswadu mkobani. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Moyo wake ulikuwa mweupe, na huo ndio uchungu wa kisa hiki, kwamba aliyapalilia majuto yake kwa mapenzi. Jumatatu alipita kwa Baltazar kununua kava la simu yake mpya. Baltazar akamwambia kwamba kile kidude kinaweza kumfaa kwa vipuri, kikawa ndiyo bei ya kava. Kikatupwa ndani ya ndoo yenye simu nyingine mfu, na Mwamvua hakugeuka kukitazama.

Kwa majuma mawili mambo yalikwenda kama alivyotaka. Jioni alipiga, mwalimu Tumpe akapangusa, na paji la uso wa baba likajaa kwenye kioo, kwa kuwa mzee alizoea kuiweka simu sikioni. Violeth aliitwa kuangalia, akamsalimia kwa shikamoo ndefu, akamtania kwamba sasa ni mzee wa mjini aanze kutafuta mchumba. Mzee alicheka. Mwamvua alipomuuliza kama simu anaipenda, alisema ni nzuri sana, ina sauti safi. Baadaye mwalimu Tumpe ndiye aliyesema kwamba asubuhi, kabla hajakwenda shule, alikuwa akimsikia mzee chumbani akihangaika nayo, akiipapasa na kujisemea kwamba ametafuta kipele hakioni. Alijitolea kumpigia Mwamvua, mzee akakataa asimwamshe mtoto kwa simu ya mtu mwingine, asije akadhani kuna msiba.

Simu ile ilikuwa na tabia nyingine. Ilimaliza chaji upesi kama mlevi anavyomaliza mshahara. Kiswaswadu kilikaa na chaji siku tano. Hii ililala mchana, na mpaka mtu aipeleke dukani kwenye umeme wa jua na kuirudisha usiku, hakuna wa kuipata. Mwamvua akazoea kupiga na kuambiwa simu haipatikani. Siku ya kwanza alishtuka, ya pili akauliza, ya tatu akasema moyoni, chaji hiyo. Zamani bipu ikichelewa dakika kumi alikuwa anainuka kitandani na kupiga. Sasa kimya hakikuwa tena habari. Kilikuwa chaji tu.

Juni shule zikafungwa, mwalimu Tumpe akaenda kwao kusalimia. Majirani wengi walikuwa mashambani wakivuna mahindi. Jumapili jioni Mwamvua alipiga, simu ikaita, haikupokelewa. Akajua mzee ameshindwa kupangusa. Jumatatu jioni haikupatikana kabisa. Akajua chaji. Usiku ule alimtumia Violeth picha alizopiga kwa simu mpya, wakachekeshana hadi akasinzia.

Jumanne alasiri namba asiyoijua ilimpigia. Alikuwa Saimon, jirani wa baba yake, aliyerudi kutoka shamba na kwenda kuazima gunia. Alisema amemkuta mzee chini, kando ya kitanda, upande mmoja haufanyi kazi, na kwamba anapumua. Walikuwa njiani kumkimbiza hospitali. Mwamvua aliiacha mashine ikiendelea kutoa nakala zisizo na mwenyewe, akatoka mbio bila kuchukua hata mtandio.

Alimkuta baba yake hai, lakini kauli ilikuwa imekwisha kukatika. Macho yake yale yenye ukungu yalielekea kwenye sauti ya Mwamvua na kubaki hapo. Daktari alieleza kwamba ni kiharusi, kwamba kilimpata muda mrefu kabla hajaletwa. Mwamvua aliuliza kama angewahishwa ingekuwaje. Daktari alisema hakuna anayeweza kujua, kisha akaangalia chini, na Mwamvua akatamani angetazama pengine. Alhamisi, muda mfupi baada ya adhuhuri, mzee Abuu alifariki. Akazikwa kesho yake, Ijumaa, kando ya mkewe.

Watu walipotawanyika baada ya hitima, Mwamvua alibaki kufagia nyumba. Chini ya kitanda aliiona ile simu ya kupangusa, imezimika. Saimon aliichukua akaipeleka dukani kuichaji, akairudisha jioni. Mwamvua aliifungua akidhani atafuta tu namba na kuiweka. Badala yake alikuta picha. Zilikuwa nyingi: paa la nyumba, boriti, kidole kilichoziba nusu ya kioo, giza tupu, paa tena. Zilikuwa na tarehe za kila siku tangu mwezi Mei, zote muda uleule, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi.

Alizitazama bila kuelewa, kisha akaelewa, akakaa sakafuni.

Simu ile haikuwa na vitufe mbele, lakini ubavuni ilikuwa navyo viwili vitatu, vya kuwashia na vya sauti. Vidole vya mzee viliupapasa ubavu mpaka vikavipata. Ukibonyeza kimoja mara mbili, kamera hufunguka. Ukibonyeza kingine, hupiga picha. Ukikishikilia kama mtu anavyoshikilia namba mbili, hurekodi mpaka uachie. Kila asubuhi baba yake alikuwa amembipu. Hakuwa ameacha hata siku moja. Ni simu tu iliyokuwa haifiki popote.

Za mwisho zilikuwa video tatu za Jumatatu, zimefuatana. Ya kwanza ilionyesha paa, na pumzi nzito ikisikika karibu sana. Ya pili ilionyesha paa lilelile, jogoo akiwika nje. Ya tatu ilikuwa ndefu kidogo. Sauti ya mzee ilisikika ikiwa imelegea, kama inayotoka upande mmoja wa mdomo, akizungumza taratibu, si na simu, ila na nafsi yake, kama mtu aliyemaliza kazi na sasa anapumzika.

"Hiyo ya tatu," alisema. "Mwamvua anaijua. Atakuja."

Picha ikakatika hapo.

Mwamvua aliporudi Songea hakwenda nyumbani kwanza. Alipita kwa Baltazar na mkoba wake wa safari, akamwomba kile kiswaswadu, akasema yuko tayari kurudisha kava na kuongeza chochote. Baltazar alimpa pole, akainamisha ile ndoo ili aone ndani. Ilikuwa tupu.

"Dada yangu, zile huwa tunawauzia mafundi kwa kilo," alisema. "Zilichukuliwa mwezi uliopita. Ningejua, ningekuwekea."

Violeth naye alikuja kumpa pole. Safari hii hakuwa na mzaha wowote. Alikaa naye siku nzima, akampikia, na simu yake aliiacha mkobani. Hakuna aliyemlaumu Mwamvua, na hilo ndilo lililomwumiza zaidi, kwa sababu lawama angeweza kuijibu. Simu yake mpya bado ni nzuri. Inapiga picha hata gizani. Kila anachokifanya nayo, ile yenye ufa ilikuwa ikikifanya.

Ile yenye ufa anayo, ameifunga kwenye kipande cha mkeka. Video ya tatu ameisikiliza mara mbili tu, kwa maana anaogopa kuichakaza, ingawa anajua sauti haichakai.

Siku hizi hakuna wa kumwamsha, lakini huamka mwenyewe. Saa kumi na mbili kasorobo huketi kitandani, simu mkononi, akasubiri mpaka kupambazuke, kisha hujitanda na kwenda kazini. Simu hailii. Usiache mbachao kwa msala upitao.