Kiwavi wa Magimbi na Macho Yasiyoona

Zamani hizo za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanapigiana hodi, Kiwavi mtoto wa Nondo aliishi kwenye shamba la magimbi. Alikuwa mnene, wa kahawia, na kipembe mkiani. Mabegani alikuwa na madoa mawili ya duara kama macho, ila hayaoni kitu.

Siku hiyo alikuwa na kazi moja tu: ashuke, ajifukie udongoni, alale humo mpaka aote mabawa. Asipofika udongoni, mabawa atayasikia kwa wenzake. Akala jani la mwisho, akaanza kushuka.

Puu! Ndege Hondohondo akatua mbele yake, na lile domo lake kubwa.

"Hodi, mnene wewe," akasema. "Mke wangu anaatamia ndani ya tundu la mti, mlango tumeuziba kwa tope, namlisha kwa ufa tu. Leo ametamani kitu chenye mafuta."

Kiwavi aliogopa, tena sana. Lakini moyoni akasema, siliwi leo. Akavuta kichwa ndani, akajaza mabega, fuu! Yale madoa yakatoka kama macho ya nyoka.

"Karibu," akasema kwa sauti nzito. "Umenikuta ndio nashiba."

Hondohondo akarudi hatua moja, akainamisha shingo. "Nyoka gani ana pembe mkiani?"

"Wa ukoo wetu. Mwenzangu yake ndefu zaidi. Yuko kwako sasa hivi, anaupima ule ufa. Kaniambia mayai yanatutosha wawili, nikimaliza hapa nimfuate."

Hondohondo hakuaga. Prrr! Huyoo, kwake.

Kiwavi akafika chini, akachimba, chaka chaka, bila kugeuka nyuma. Mkia ulipokuwa unazama, akasikia sauti ya mama mwenye nyumba ikitoka kwenye ufa, mti wa pili tu.

"Hapa hakuna nyoka, baba watoto. Huyo wako anayesema kashiba, alikuwa amekula nini?"

"Jani la gimbi. Nimeona lilivyotafunwa."

"Na nyoka," mama akauliza, "wameanza kula majani lini?"

Hondohondo akarudi mbio, akadonoa ardhi ko, ko, ko, mpaka domo likamuuma. Kiwavi alishafika penye ubaridi, anajikunja alale.

Ndiyo maana nawaambia, wanangu: hofu ikimwingia mwenye nguvu, husahau hata kuuliza swali dogo.